Maneno Niliyoyabeba Kati ya Susu na Baba

Kitukuu changu alirudi kutoka shuleni na karatasi yenye nyuso sita. Uso wa kwanza ulikuwa unacheka, wa pili unalia, wa tatu umekunja ndita, na kadhalika. Kazi aliyopewa ni kuandika chini ya kila uso huyo mtu anahisi nini. Akanijia na kalamu, "Shosho, nisaidie," nami nikavaa miwani nikazikagua nyuso zile kama askari anayekagua vitambulisho. Uso wa tano ndio ulionikwaza. Ulikuwa umeinamisha macho, umegeukia pembeni, mdomo umefungwa. Mwalimu alitaka tuandike "huzuni."

Nikamwuliza mtoto, "Huyu amesimama mbele ya nani?"

"Hakuna mtu, shosho. Ni picha tu."

"Basi hatuwezi kujua ana nini."

Alinicheka, akaandika huzuni, na kesho yake akapata alama yake. Mimi nilibaki nimekaa pale mezani mpaka chai ikapoa, nikiwaza mtu niliyemwona mwenyewe ameinamisha macho namna ile, na jinsi nilivyomsoma vibaya, na gharama yake.

Ninyi wa rika langu, mliokulia Ukambani kabla ya nyumba za mabati, mtanielewa. Hatukufundishwa nyuso za watu. Tuliambiwa "toka hapa, wakubwa wanaongea," tukatoka, tukaenda nyuma ya ghala kujifundisha wenyewe. Na mimi nilikuwa mtoto wa kushuku. Ukinipa kiazi cha kuchoma, nilikivunja kwanza nione ndani kuna nini. Mama alikuwa akisema nilizaliwa jicho moja limeshafunguka.

Kwetu kulikuwa upande wa Zombe, mahali pa miiba na mchanga mwekundu, ambapo mbuzi walijua njia za kwenda majini kuliko watu. Nilikuwa nimeng'oka meno mawili ya mbele mama alipojifungua mdogo wangu. Msimu huo watu walikuwa na maneno juu ya mama mmoja wa ng'ambo ya mto. Walisema ana uoi, ule uchawi wa kuroga watu wakaugua. Sikumjua, lakini nilizijua dalili zake zote, maana wakubwa walizisema huku wakidhani nimelala. Akionekana njiani, watu wanaingia kichakani mpaka apite. Hakuna anayemtaja kwa jina lake. Chakula chake hakiliwi. Nilizihesabu dalili hizo tatu kwenye vidole, nikaziweka akilini vizuri.

Siku ya pili baada ya mama kujifungua, nilikuwa na baba kwenye zizi. Alikuwa anaziba ua kwa matawi ya miiba huku akinitania juu ya mapengo yangu, kwa sababu baba yangu alikuwa mtu wa mzaha. Mara akainua kichwa, akaona mtu anapanda njia akiwa na kyondo, kile kikapu cha kusuka, mgongoni, mkanda wake umekaza kwenye paji la uso. Shoka likamtoka mkononi. Baba, ambaye alishawahi kumfukuza chui kwa fimbo, akaruka akaingia kichakani akachuchumaa. Yule aliyekuja alipofika usawa wa kichaka, alivuta shuka akajifunika kichwa na uso, akageukia upande wa pili, akaongeza mwendo. Ndipo nilipomtambua. Alikuwa Susu, nyanya yangu, mama yake mama, ametembea kutwa nzima kutoka Mutito.

"Mbona umejificha?" nikamwuliza baba alipotoka, suruali imejaa miiba.

Alitazama chini. "Mama," akasema, maana nilipewa jina la mama yake na ndivyo alivyoniita, "hayo usiulize. Kimbia umpokee mgeni kyondo."

Mgeni! Hakumtaja jina. Kwenye vidole vyangu, viwili vilikuwa vimeshakunjwa.

Ninyi mnajua ile ilikuwa nthoni, ile heshima yenye aibu ndani yake, ambayo mwanamume wa kwetu alimpa mama mkwe wake. Hawaangaliani usoni, hawakai nyumba moja, hawaitani majina, wala hawasemezani. Kwa vile mtu huyo alikupa mwanawe, unamwepuka maisha yako yote, naye anakuepuka, na wote wawili mnaona fahari. Lakini mimi nani alinieleza? Nilikuwa nimezoea kwenda Mutito na mama, na baba hakuwahi kufuatana nasi hata mara moja. Sasa nikajiona nimepata sababu yake.

Susu akakaa nyumbani mwa mama amhudumie. Baba akahamia kwa ndugu yake mdogo, ng'ambo ya zizi. Na kwa kuwa hawakuweza kusemezana, mimi ndiye niliyekuwa mdomo wao. "Mwambie baba yako kuni zimeisha." "Mwambie mgeni kuni ziko kwenye ua." "Mwambie baba yako mtoto amenyonya vizuri." "Mwambie mgeni nimesikia." Nilikwenda na kurudi mpaka nikakanyaga njia mpya katikati ya lile boma. Kila asubuhi baba aliacha kitu pale uani, mara mzigo wa kuni, mara kibuyu kidogo cha asali, mara mafuta ya mbuzi, halafu akaondoka haraka kabla mlango haujafunguka. Nilimwona akifanya hivyo nikamwonea huruma. Nilidhani anamtuliza Susu asimroge.

Chakula cha Susu sikukila. Alinipa uji, nikautoa nje nikawamwagia kuku, kisha nikakaa juu ya jiwe kuwangoja wafe. Hawakufa. Walinenepa, na jogoo akaanza kunifuata kila nilipobeba kibuyu. Mtoto mwenye akili angebadilisha mawazo yake hapo. Mimi niliamua kwamba dawa yake ni ya watu, haishiki kuku, na nikaendelea kuishi kwa viazi vya kuiba.

Siku ya nne tangu Susu afike, jua likichomoza, Susu aliniita mlangoni. Alinishika mkono juu ya kiwiko, akanishika kwa nguvu mpaka vidole vyake vikaacha alama. "Sikiliza vizuri. Kimbia umwambie baba yako, mama yako ana joto jingi. Aache kila kitu aje. Kama ni kuingia humu ndani, aingie, mimi nitakaa kando. Umesikia? Leo, si kesho."

Halafu akatabasamu. Nasema kweli, alitabasamu, meno yote nje, huku mama anaugulia kwa homa nyuma yake.

Mama anaumwa, na huyu anacheka. Sasa anataka na baba aingie ndani, yeye ambaye hata kumwangalia hamwangalii. Sikuwa na shaka tena. Alikuwa amemaliza kazi kwa mama na sasa anamtaka baba. Nilitembea taratibu kuelekea ng'ambo ya zizi, nikitafuta la kusema, na kwa mara ya kwanza maishani nilijiona mtu mkubwa mwenye wajibu.

Baba alikuwa anafungua ng'ombe. Siku hiyo ilikuwa zamu yetu kwenye visima vya mchangani mtoni, na ukikosa zamu, ng'ombe wako wanalala na kiu. "Haya mama, mgeni amesemaje?"

"Amesema hakuna neno. Amesema mama yuko sawa. Usije."

Baba alisimama akaitazama ile nyumba kwa muda. Akashusha pumzi, nikafikiri ni pumzi ya mtu aliyeokoka. Sasa naamini alikuwa mwanamume aliyetamani kumwona mkewe na mtoto wake, akaambiwa angoje tena. Aliswaga ng'ombe akaenda zake, nami nikarudi kwa Susu.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Amesema anakuja."

Uongo wa kwanza ulinipa shida, wa pili ulitoka wenyewe. Jua likapanda. Susu aliloweka kitambaa, akamkanda mama, akaenda mlangoni akatazama njia, akarudi. Akaniuliza tena kama nilimwambia vizuri. Nikasema vizuri. Akatazama njia tena. Nilimfuata kwa macho kila alipokwenda, nikahakikisha hatii kitu ndani ya maji. Mchana mama alinitazama akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Nilimwambia, "Ni mimi, mama," naye akaendelea kuongea na huyo dada yake, akimwuliza kama wameanika mtama.

Hapo niliogopa. Nikageuka kumtafuta Susu, hayupo. Nilizunguka nyuma ya ghala kwa vidole vya miguu, nikijua nitamfumania akifanya mambo yake. Nikamkuta amekaa chini, ameuma pindo la shuka yake, mabega yanatikisika. Nikafikiri anacheka tena. Nikasogea. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka shingoni, na ile shuka alikuwa ameijaza mdomoni ili sisi tuliokuwa ndani tusisikie. Aliponiona aliitoa haraka, akajifuta, na akanitabasamia, tabasamu lile lile la asubuhi. Meno yote.

Sijui niseme nini kilichotokea ndani yangu. Nilimwona mama, na baba, na ng'ombe, na maneno yangu ya asubuhi, vyote kwa pamoja, nikaanza kukimbia. Nilikimbia mpaka mtoni kwenye mchanga wa moto, bila kusimama, nikamkuta baba ndani ya kisima akipandisha maji kwa kibuyu.

"Mama anaungua! Susu amesema uje! Amesema uingie!"

Hakuuliza kitu. Alipanda kutoka kisimani, akamwachia jirani ng'ombe wote, akakimbia hata akaniacha nyuma.

Nilipofika nyumbani nikihema, wote wawili walikuwa mlangoni. Baba alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye kizingiti, macho chini, mwili wake umekataa kusonga. Susu alikuwa ndani, kichwa wazi, uso wazi. Alimtazama moja kwa moja. Nilisikia akimsemesha kwa mara ya kwanza.

"Mwanangu, ingia. Wewe shika mbele, mimi nitashika nyuma."

Baba akainua macho. Akaingia.

Walimlaza mama kwenye ngozi iliyofungwa kwenye miti miwili, wakamwinua, na mimi nikafungwa mtoto mgongoni. Tulielekea sokoni Zombe, kwa mwenye duka mmoja Mwislamu, mtu wa asili ya pwani, ambaye mke wake alikuwa mkunga. Sote tulimwita Bi Mkunga. Njia nzima baba hakugeuka nyuma, na Susu hakuomba kupumzika. Nilipokuwa nikibaki nyuma, aliniambia, "Twende, mjukuu, twende," kwa sauti ya kawaida kabisa, na sauti hiyo ilinichoma kuliko fimbo.

Bi Mkunga alimpima mama kwa mkono, akambonyeza tumbo, akakunja uso. "Homa hii imemwanza lini?"

"Tangu alfajiri," Susu akajibu.

"Alfajiri! Na sasa jua linainama! Enyi watu, mlikuwa mkingoja nini?"

Baba akageuka polepole akanitazama. Niliona kabisa anakumbuka yale niliyomwambia pale zizini. "Si asubuhi uliniambia hakuna neno..." akaanza. Kidole changu kilikuwa mdomoni, kwenye pengo, na mtoto alikuwa analia mgongoni, nami nilitamani ardhi inimeze.

Susu akapita akasimama katikati yetu. "Ni mimi," akamwambia baba, akimtazama. "Mimi ndiye niliyemtuma mtoto aseme hakuna neno. Nilidhani ni homa ya maziwa, kwamba itapita."

Baba alimtazama, akanitazama, akainamisha macho. "Ndiyo, mama," akasema.

Bi Mkunga alitufukuza wote nje isipokuwa Susu. Kumbe kitu kidogo kilichopaswa kutoka siku ya kuzaa kilikuwa kimebaki, kikaoza. Alikitoa, akampa mama dawa chungu, akamkanda kwa maji ya moto siku tatu. Siku ya tatu mama alifungua macho akaniita kwa jina langu, akaomba uji. Aliupika Susu. Niliomba na mimi nipewe, nikamaliza kibuyu kizima mbele yake, ili anione.

Tuliporudi nyumbani, Susu alikaa mpaka mama akaweza kusaga mwenyewe. Siku moja tulikuwa tunamenya mbaazi mimi na yeye, akaniuliza bila kuinua kichwa, "Siku ile nilipokutuma, ulinionaje?"

"Nilikuona unafurahi."

"Niliogopa. Niliogopa mpaka nikataka kutapika. Nilicheka ili wewe usiogope."

"Mbona hukusema unaogopa?"

Alifikiri juu ya hilo. Mbaazi tatu nzima alizimenya akifikiri. "Sisi hatukuzoea kumwambia mtoto," akasema. "Sasa nimekwambia."

"Na baba? Anakuogopa?"

"Ananiheshimu. Mtu anayekuchukia anageuza uso akaenda zake. Baba yako anageuza uso, halafu asubuhi unakuta kuni."

Kutoka siku hiyo alinieleza kila kitu, hata nisichouliza. "Leo nimenyamaza kwa sababu mgongo unauma, sijakukasirikia." "Leo nimemkumbuka babu yako, ndiyo maana naimba." Wengine walimwona anazeeka vibaya, anaongea ongea. Mimi nilikuwa nakusanya. Nikitaka kujua mtu ana nini, nikajifunza kumwuliza, ingawa mpaka leo jibu lake nalivunja kwanza nione ndani kuna nini.

Lakini maneno ya Susu pale kwa mkunga hayakubaki pale. Yalifika kwetu kabla yetu. Shangazi zangu, dada zake baba, waliulizana kisimani inakuwaje mwanamke aliyezaa watoto wanane asiijue homa ya uzazi. Mmoja akasema labda aliijua. Mwingine akasema Mutito kuna watu wabaya. Halafu nikaanza kuona, mimi niliyekuwa na jicho la kuona mambo hayo, shangazi yangu anaacha njia na kuingia kichakani Susu akipita, na hakuwa na nthoni yoyote na yeye. Uji wake waliukataa kwa adabu. Wakaacha kumtaja jina. Mama hakuzaa tena baada ya mdogo wangu, na hilo pia lilikuja kuwekwa juu ya kichwa cha Susu.

Ningeweza kusema. Kila siku niliamka nikijua kwamba maneno mawili yangu yangetosha. Sikuyasema. Nilikuwa naogopa kupigwa, hiyo ndiyo sababu yote, na siipambi.

Susu alifunga kyondo chake asubuhi moja, mama amelala na mtoto. Baba alikuwa nyuma ya ua wa zizi, kwa sababu yeye na Susu walikuwa wamerudia kujificha kama kawaida, baada ya baba kuchinja mbuzi wa kuirudisha ile heshima waliyoivunja. Susu aliniita karibu.

"Mwambie baba yako hivi. Lile neno nililosema kule kwa mkunga, aliache pale pale nilipoliweka. Asiliondoe, hata mimi nikishaondoka. Hata watu wakisema. Uko tayari? Rudia."

Nilirudia. Nikakimbia nikamwambia baba, neno kwa neno, na jinsi alivyovuta sauti pale kwenye "asiliondoe."

Baba alinitazama muda mrefu. Akafunika macho kwa kiganja, akakaa hivyo. Kisha akasema, "Mwambie nimesikia. Mwambie nitafanya alivyosema." Akaongeza, "Mwambie asante, mama."

Nilirudi mbio. "Amesema amesikia. Amesema atafanya ulivyosema. Amesema asante, mama."

"Umesema vizuri," Susu akaniambia, akanigusa shavu, akaweka mkanda kwenye paji lake, akaanza safari ya kutwa nzima kurudi Mutito, na hakukanyaga kwetu tena mpaka alipokufa. Mimi nilirudi nyumbani nikiruka kwa mguu mmoja, nimefurahi kweli kweli, kwa sababu safari hii sikuwa nimeongeza wala kupunguza hata neno moja.